Jiwe Halisaliwi

Nipandishie mto, Tabia, kidogo tu, hapo, nisije nikazungumza na dari. Wanangu, nipeni masikio yenu, na wewe Mwalimu Ausi weka kidau chako cha wino karibu lakini usiandike bado, nitakwambia lini uandike, kwa sababu mengi nitakayosema asubuhi hii ni ya watu wa nyumba hii na moja tu ndilo la wazee wa mji. Mina, mwanangu, usikae kizingitini kama mtu aliyekuja kuomba moto. Ingia, kaa mkekani karibu na Tabia. Nimetuma mtu mpaka Fukayosi kukuita, na ulipofika jana hukuniuliza kwa nini, umesema shikamoo ukanikanda miguu, na mimi nikakuacha unikande huku najua nilichokuitia. Nimechoka. Nawaambieni mapema ili nikinyamaza katikati msidhani nimesahau. Sikusahau kitu, ni pumzi tu inayokwenda na kurudi inapopenda yenyewe.

Rehani, naona unatazama mlango. Najua watu wako wanakungoja pwani na mitaimbo yao. Kesho kutwa ni bamvua kubwa, maji yatakupwa mpaka Mafiga yatoke mabega, nawe umekwisha kata kuni za mikoko, umezipanga duara kwa duara, tanuri lako la chokaa linangoja mawe tu. Wazee wamesema hawakuzuii wala hawakuruhusu mpaka wasikie neno langu, maana, wanasema, hapana aliye hai aijuaye miamba ya hapa kuliko Bi Mgeni binti Mbaruku. Na wewe ukawajibu barazani kwamba neno la mama linajulikana, mama alikwisha lisema tangu wewe hujazaliwa: jiwe halisaliwi. Nimeambiwa watu walicheka, kama walivyocheka zamani. Basi hilo ndilo lililoniinua, mwanangu. Nilikuwa nakufa vizuri.

Mina hakukulia pwani, kwa hiyo nitaeleza, na ninyi wengine mvumilie. Mbele ya mji wetu, ukielekeza uso baharini na Kaole ikawa mkono wako wa kulia, palikuwa na mwamba mmoja wa mviringo, mpana kuliko nyumba hii, umebonyea katikati na kushika maji hata bahari ikienda zake. Watu wakauita Jungu. Nyuma yake, upande wa huku kwetu, ipo miamba mitatu midogo iliyokaa kama mawe ya jikoni, nayo ndiyo Mafiga. Jungu halipo tena. Mafiga ndiyo yaliyobaki kati yetu na bahari. Ukisikia wimbi la kusi linapiga kule mbali kabla halijafika ufukoni, linapiga pale. Lisingepiga pale, lingepiga hapa kitandani pangu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchokoa pweza, na nilipokuwa bado nina meno ya utoto alinifundisha mambo mawili. La kwanza, ukigeuza jiwe lirudishe kama ulivyolikuta, maana upande wake wa chini ni nyumba ya watu wengine. La pili, tumbawe linaota. Hilo la pili nilimcheka. Basi akaokota kigae cha sahani ya kale, vile vyenye maua ya buluu vinavyoonekana kule penye magofu, akakipachika katika ufa ubavuni mwa Jungu, akaniambia, "Mgeni, kitazame hiki kila mwaka, halafu uje unicheke." Nilipovunja ungo kigae kilikuwa kimeshikwa pande zote. Nilipoolewa na baba yenu Kibwana, ulibaki ukingo mwembamba kama ukucha. Tabia alipotimiza siku zake arubaini nilikwenda kukitafuta nisikione, Jungu limekimeza, na mama alikuwa amekwisha kufa, sikuwa na wa kumwambia kwamba nimeacha kucheka. Tumbawe bichi lina ute juu yake kama ngozi ya samaki mkunga. Ukiligusa vidole vinateleza. Lililokufa ni kavu, linakwaruza. Mtoto wa pwani hahitaji miwani kuyatenganisha, anahitaji kiganja tu.

Nilikuwa na shoga mmoja, Mwanaharusi, mama yako wewe Mina. Tulianza pamoja tangu kuchezea vifuu, tukaingia mwambani siku moja, tukaolewa mwaka mmoja. Matundu ya pweza kwetu ni urithi, Mwalimu, ninyi wanaume hamyajui haya. Ukimtoa pweza tunduni leo, haupiti mwezi mwingine ameingia, nyumba nzuri haikosi mpangaji; kwa hiyo mwanamke akiyajua matundu yake hamwonyeshi mtu ila bintiye, tena siku bintiye akiwa na akili ya kunyamaza. Mwanaharusi na mimi tulionyeshana yetu yote. Hakuna ndugu aliyenifanyia hivyo. Yeye alikuwa mzito wa maneno, akisema jambo unaona analibeba kwanza. Mimi nilikuwa mwepesi, ulimi wangu ulikwenda mbele nami nikiufuata nyuma, na watu walipenda kuketi karibu nami kwa ajili hiyo.

Nyumba yetu wakati ule ilikuwa ya miti na udongo, na udongo wa pwani una mchanga mwingi, haushiki. Masika moja, mimi nina mimba yako Rehani, ukuta wa chumbani uliporomoka asubuhi nikiwa jikoni, ukalala juu ya kitanda alipolala Tabia. Alikuwa amebingirika miguuni pa kitanda. Kati ya kichwa chake na lile tope palikuwa na upana wa kiganja changu, nilipima. Kibwana akasimamisha ukuta mwingine wa udongo uleule, akasema Mungu ni mwema, akaenda zake kuvua. Mimi tangu siku hiyo nikawa nalala nimeweka mkono ukutani. Nilitaka ukuta usioanguka, wanangu, hilo tu. Nawaambia ili mjue kwamba mtu haanzi na uovu. Huanza na haja, tena haja ya haki kabisa.

Siku zile Mdachi alikuwa ameondoka, Mngereza bado ananusanusa, na mjini Bagamoyo watu waliokuwa na mali walianza tena kujenga. Alikuwapo Mwarabu mmoja, Hamoudi, mtu mpole, mwenye tanuri la chokaa. Desturi ya hapa ilikuwa kwamba mawe ya chokaa ni yaliyokufa, yale yanayotupwa ufukoni na kifusi cha pembeni. Tumbawe bichi haliguswi. Hamoudi alikuwa amemaliza yale ya ufukoni, akawaomba wazee wampe Jungu. Akawaambia Jungu limekufa, tazameni utosi wake ulivyo mweupe, tena hata wale wa kale waliojenga Kaole walijenga kwa mawe hayahaya na bahari haikukasirika. Utosi wake ulikuwa umekufa kweli, jua lilikuwa limeuchoma. Uhai wake ulikuwa ubavuni, chini ya maji, wanapofika wanawake tu. Basi wazee wakasema waitwe wanawake wawili waujuao mwamba, maana ushahidi wa mmoja hautoshi, na wote wawili wakisema namna moja tutalifuata.

Ningependa kuwaambia Hamoudi alinihonga. Ningekufa nimepunguza mzigo. Hakunihonga, mimi ndiye niliyejitia ushungi nikaenda mpaka uani kwake, tumbo hili mbele, nikamwambia, "Hamoudi, ukipata Jungu, utamkumbuka jirani?" Akasema, "Anayejenga hawezi kumsahau jirani, Bi Mgeni." Maneno yenyewe ndiyo hayo. Mtu angepita njiani angedhani tunasalimiana.

Siku ya bamvua tukaenda mimi na Mwanaharusi, maji magotini, tukaweka viganja vyetu ubavuni mwa Jungu. Vidole vyangu viliteleza. Mwanaharusi akanitazama akacheka kidogo, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha, tutakwenda kusema tulichokishika, kisha turudi tukapike. Tulifika kwenye baraza la msikiti nguo zetu bado zinachuruzika. Mzee mmoja akauliza, "Haya, Jungu li zima au limekufa?" Mwanaharusi akasema, "Li zima, baba zangu. Lina ute. Linaota." Mwingine akauliza, "Linaota kama muhogo?" Nikaona midomo ya watu inaanza kufunguka, nikajua pale pana kaa la moto, nikilipuliza kidogo tu litawaka. Wakanigeukia. Sikusema limekufa. Nilisema, "Wazee wangu, mimi mwanamke sina elimu, naomba kuuliza: kama jiwe lina uhai, siku likifa mtalisalia?"

Walicheka, wanangu. Mzee wa ndevu za hina alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Wakasema huyu binti Mbaruku ana maneno, wakasema jiwe halisaliwi, wakalirudia mpaka likawa msemo wa mji, na mnausikia hadi leo sokoni mtu akitaka kupuuza jambo. Mwanaharusi aliulizwa tena kama ana la kuongeza, kwa kuwa walikuwa watu wa adabu. Alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Akasema hana, wazee wakalihesabu hilo kuwa kukubali, Hamoudi akapewa Jungu.

Miaka ishirini na saba nimejiambia sikusema uongo, niliuliza swali tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimeitembea mpaka miguu imevimba, kwa sababu kila nilipokutana na mtu alinichekea kwa lile neno. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo tunavyosema, lakini mimi sikujikwaa. Nilipapima mahali pa kuweka mguu, nikauweka.

Jungu walilivunja kwa bamvua tatu. Wakayalundika mawe ufukoni, na siku ya pili yakaanza kunuka. Yalinuka kama kapu la samaki lililosahauliwa juani, upepo ukaipeleka harufu ile mpaka msikitini, wazee wakasali wameshika pua, na hapana hata mmoja aliyeuliza ni jiwe gani hilo linalooza. Wangeuliza wangelazimika kujibu. Hamoudi alitimiza ahadi, akaniletea mawe yangu, laini, mabichi, unayakata kwa shoka kama jibini. Fundi akasema, Bi Mgeni, yaache yanyeshewe masika moja mvua iyatoe chumvi. Nikamwambia masika nyingine sitaisubiri. Ndiyo maana kuta hizi hutoka jasho kila mwaka na chokaa hubabuka, na watu husema nyumba ya Bi Mgeni ina homa. Lakini haikuanguka. Rehani ulizaliwa chumba kile pale, nikaweka mkono ukutani, ukuta ukawa baridi na mgumu, nikalala usingizi mzuri sana. Siwafichi hilo. Nililala.

Pweza wa Jungu ndio walioondoka kwanza. Kisha chafi, kisha changu wadogo. Kisha kusi ya mwaka uliofuata mawimbi yakapata mlango mahali Jungu lilipokuwa, yakaingia moja kwa moja, na upande wao wa moja kwa moja ulikuwa kiwanja cha Mwanaharusi. Yalikula mchanga kutoka chini, hata mnazi uliosimama asubuhi, jioni ulikuwa umelala na mizizi hewani. Minazi yake yote ilikwenda kwa misimu miwili, halafu jiko, halafu nyumba. Mumewe alikuwa na mjomba Fukayosi, wakaamua kwenda huko wakalime. Mwanaharusi hakuwahi kushika jembe. Alikuja kuniaga pale nje, wewe Mina umefungwa mgongoni. Akapapasa ukuta huu kwa kiganja, polepole, juu na chini, akasema, "Mgeni, nyumba yako ni nzuri." Kisha akasema, "Matundu yangu ya Mafiga nimekuachia wewe. Usimwonyeshe mtu." Akaondoka. Alijua, Mina. Tangu pale barazani alijua kila kitu, na akanipa.

Rehani, baba yako alipokufa ulikuwa na miaka saba. Hakuacha kitu ila wavu uliotoboka. Nani aliyekulisha? Nani aliyekupeleka chuoni kwa mwalimu, akakununulia kanzu, akakupeleka hospitali Bagamoyo ulipovimba shingo? Pweza wa Mafiga, wale wa matundu ya Mwanaharusi, ndio waliokufanya mtu. Nilikuwa nikiwatundika uani kukauka nawe ukiwafukuzia paka. Sasa umekuwa fundi chokaa kuliko Hamoudi, una watu wako na watu wako wana wake zao, na mimi najivunia, usidhani sijivunii. Siku moja nilipita karibu na tanuri lako nikakusikia unawapangia kazi kwa sauti ya baba yako, nikasimama nyuma ya mkorosho nisikuharibie.

Mwanaharusi alipofariki nilipata habari siku ya pili, nikapanda lori, nikafika Fukayosi wamekwisha kuzika. Mina ulinipokea ukanipa maji. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote, nikayarudisha nayo yote, maana aliyekuwa na haki ya kuyasikia alikuwa chini ya udongo mwekundu, mbali na bahari, mwanamke aliyezaliwa na magamba ya samaki mikononi. Uliniambia alikuwa akiuliza mara kwa mara kama maji yamekupwa. Nilichelewa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea mwenyewe.

Mina, usiseme kitu. Naona midomo yako. Usinisamehe leo, mbele ya watu, kwa kuwa tu nakufa. Msamaha wa kando ya kitanda ni wa haya, hauna nguvu. Nenda nao kwenu, kaa nao, ukiona unafaa nipe, ukiona haufai umwachie Mungu. Tabia, mpe mwenzio leso.

Nipe maji nami. Taratibu. Basi.

Rehani, najua utasema nini, kwa hiyo nitakusemea. Utasema Dar es Salaam inajengwa, wasipochukua chokaa kwako watachukua kwa mwingine. Utasema mawe ya ufukoni yamekwisha, na yale ya chimbo la bara, nyuma ya Kaole, ni magumu, yanakula kuni maradufu na mgongo wa mtu. Ni kweli yote. Mawe yale ya bara nayo ni matumbawe, ya bahari ya zamani iliyokwisha ondoka. Yamekufa kabla ya babu wa babu yetu, hayana ute wala harufu, yachome. Utachelewa, watu wako watanung'unika, pengine huyo anayekungoja mjini atakwenda kwa mwingine. Siwezi kukuambia hutapata hasara, utapata. Lakini usiseme litaota tena. Mwaka juzi nilikwenda mahali pa Jungu, nikiegemea mabega ya Tabia. Kifusi kinabingirika kila wimbi likipita, mche haupati pa kushika. Nilikuta vichwa viwili tu vya tumbawe vimeshika kwenye jiwe lililotulia, ukubwa wa bakuli la uji. Miaka ishirini na mitano, mwanangu, bakuli la uji.

Sasa mali, na nitaisema upesi kwa kuwa pumzi inapungua. Nyumba hii ni yangu, mawe yake yalitoka kwa jina langu, kila mtu anajua, ingawa hawakujua vizuri. Sheria inanipa theluthi niiusie kwa asiyekuwa mrithi. Theluthi hiyo ni ya Mina binti Mwanaharusi: chumba cha upande wa bahari na uwanja wake mpaka kwenye kisima. Siyo malipo, msimtukane kwa kuita malipo. Baki mgawane kama dini ilivyogawa, Rehani sehemu mbili, Tabia moja, na Rehani usimwache dada yako akose pa kukaa, akawa anahesabu siku katika nyumba za ndugu. Matundu ya pweza hayamo katika sheria. Tabia unayajua yote. Ya Mafiga umwonyeshe Mina, kwa miguu, usimwelekeze kwa kidole, umpeleke mpaka pale, umshike mkono asiteleze. Na akigeuza jiwe umwambie lile la mama yangu.

Mkinizika msinijengee. Msinitie chokaa wala jiwe kichwani. Kijiti kinatosha, na kikioza nacho kioze. Hitima iwe fupi, msipike kwa kukopa. Na mtu akija matangani akataka kulisema lile neno langu kunisifu, mzuieni kwa adabu.

Mwalimu Ausi, sasa. Andika. "Mimi, Mgeni binti Mbaruku, nikiwa na akili zangu, nawaambia wazee wa mji: Mafiga yote matatu ni mazima. Nimeyashika. Yana ute, yanaota. Na Jungu lilikuwa zima siku ile mliponiuliza, nami nilijua, nikafanya mzaha kwa ajili ya nyumba. Aliyesema kweli ni Mwanaharusi." Hapana, usiongeze. Usipambe. Najua unataka kunisitiri, Mwalimu, mmenisitiri vya kutosha. Nisomee. Ee. Nisomee tena hapo penye "nami nilijua". Ee, liache hivyo.

Rehani, njoo karibu kabla sijatia dole. Karibu zaidi, siwezi kupaza. Tabia jana aliniambia, mama, mwambie akiyavunja Mafiga hana radhi yako, atakoma. Pengine angekoma. Sitasema. Mimi nilinunuliwa kwa ukuta, wewe sitakununua kwa radhi. Radhi yangu unayo. Nakupa sasa hivi, kabla ya karatasi, kabla sijajua utafanya nini na mitaimbo yako. Ukivunja unayo, usipovunja unayo, na haya mengine ni baina yako na... na kiganja chako. Mungu akuweke. Awaweke nyote. Tabia, uliyeokoka... Mungu akupe uzee wa afya. Mina, Mungu akurudishie pwani yenu. Mwalimu, Mungu akulipe kwa mwandiko.

Leteni wino. Mkono... haunyanyuki, tazama. Jana ulikuwa unanyanyuka. Hapana, Tabia, kaa. Wala wewe, Mwalimu. Rehani. Nishike wewe. Karatasi hii ndiyo itakayozuia kuni zako zisiwake, najua, kwa hiyo sikulazimishi, ukikataa atanishika mwalimu na sitakasirika. Lakini ningependa... uwe wewe.

Dole gumba. La kulia. Lichovye vizuri. Shika kifundo, hivyo.

Haya. Hapo chini ya maneno. Bonyeza, baba. Bonyeza kwa nguvu, hauumi.

Limetoka? Mwalimu... limetoka?

Alhamdulillahi. Acheni wino, msinifute. Rehani, mkono usiuachie.